Nipe mji: ushauri kwa wanaotega na kutegua mafumbo ya maneno

Anayeshindwa kitendawili hulipa mji. Mtegaji akiona wenzake wamejaribu hadi wamechoka, hudai, "Nipeni mji." Wanampa Tabora. Hapo hukaa vizuri akasimulia: nilikwenda Tabora, nikapokewa, nikala, nikanywa, wenyeji wakaniuliza nina habari gani, nikawaambia jibu ni kadha wa kadha. Wengi huona kipande hicho ni mbwembwe za kuchelewesha jibu. Kwangu mimi ndicho chenye maana kuliko vyote, maana kinakiri kwamba jibu lina bei, na aliyelipa mji mzima pamoja na miembe yake anastahili kuambiwa zaidi ya neno moja. Tatizo ni kwamba mtegaji akishapewa mji wake hutaja jibu akaondoka. Limetokana na nini, hasemi.

Makala haya ni ya watu wawili: anayejaza visanduku vya fumbo la maneno gazetini, na anayetamani kutunga la kwake. Nawaomba wote wawili jambo moja, kwamba msiridhike na jibu mpaka muweze kulieleza neno kwa neno. Na kwa kuwa mji uliolipwa ni Tabora, mifano yangu mingi nitaiokota kwenye njia ya zamani ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Tabora, ikaishia Ujiji. Majina ya njia hiyo ni kama yaliwekwa kwa ajili ya kazi hii.

Mafumbo mengi ya magazeti yetu ni ya fasili tupu. Unaulizwa "Mji mkuu wa Kenya, herufi saba", unaandika NAIROBI, unasonga mbele. Kinachopimwa hapo ni kumbukumbu. Usipojua huna pa kuanzia, na hata ukipewa siku nzima hutajua. Iko aina ya pili ambayo Waingereza waliikuza wakaifanya karibu ibada. Fumbo la kwanza la visanduku, la Arthur Wynne, lilichapwa katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, nalo lilikuwa la fasili tu. Miaka ya 1920 mtungaji mmoja aliyejiita Torquemada akaanza kutoa katika The Observer vidokezo vilivyojaa hila, na The Times lilipoanzisha fumbo lake mwaka 1930, aina hiyo ikatia mizizi. Kidokezo chake kina sehemu mbili. Moja ni fasili, yaani maana ya jibu. Ya pili ni hila, yaani maelekezo ya namna ya kuliunda jibu hilo kwa herufi. Mbili hizo huungwa zikasomeka kama sentensi ya kawaida inayozungumzia jambo lingine kabisa.

Asitokee mtu akasema hila hizi ni ngeni kwetu. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alijua kulizungusha neno moja katika maana zake zote. Saadani Kandoro, mzaliwa wa Ujiji, aliandika wakati wa ukoloni juu ya siafu na nyoka, na aliyesoma alijua nyoka ni nani. Katika kurasa za mashairi za magazeti, malenga mmoja hutupa fumbo na mwenzake hulifumbua kwa beti. Tulichokosa ni visanduku tu.

Haya, tutegue kimoja.

Taa iliyokatika mwisho, nzuri kupita zote: mji wa miembe (6)

Tarakimu ya mabano ni idadi ya herufi za jibu. Fasili iko mwishoni: "mji wa miembe". Yaliyobaki ni hila. "Taa iliyokatika mwisho" ni TA, kwa sababu TAA imepoteza herufi ya mwisho. "Nzuri kupita zote" ni BORA. TA na BORA ni TABORA, herufi sita. Hakuna neno lililobaki bila kazi.

Hilo la mwisho ndilo kipimo changu. Katika misafara ya Wanyamwezi kila mpagazi alikuwa na mzigo wake, wa kama frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu. Asiyebeba alikuwa na kazi nyingine inayojulikana, kama kiongozi aliyetangulia na bendera, au nyapara. Kidokezo kizuri ni hivyo hivyo: kila neno ama ni fasili, ama ni kipande cha jibu, ama ni ishara ya kipande hicho kifanywe nini, ama ni kiungo cha hila na fasili. Ukiona neno linatembea mikono mitupu, basi hujategua sawasawa, au mtegaji ni mvivu.

Kwa hiyo mteguaji aanzie wapi? Aanzie kwenye ncha. Fasili karibu siku zote hukaa mwanzoni au mwishoni mwa kidokezo, si katikati. Ziba sentensi kwa kidole, usome maneno mawili matatu ya mwanzo, ujiulize kama yanaweza kuwa maana ya kitu. Kisha fanya vivyo hivyo kwa ya mwisho. Baada ya hapo tafuta ishara. Kukata, kukosa, kupoteza mkia, kutofika mwisho: hapo herufi imeondolewa. Kuficha, kumeza, tumboni: jibu limejibanza ndani ya maneno yenyewe. Fujo, vurugu, kukoroga, kulewa: herufi zimechanganywa. Kusikika, kwa sauti: fuata sikio, achana na jicho. Alama za kituo zisikuzuie. Mkato na nukta pacha ni za kupamba sentensi, na mara nyingi zimewekwa makusudi ukatize mahali pasipofaa.

Kidokezo cha pili:

Tembea bila kufika mwisho, uione nyumba ya Kwihara (5)

Chukua mfano wa mjukuu na babu yake ndani ya treni ya Reli ya Kati, gazeti liko mapajani.

"Babu, jibu ni TEMBE."

"Kwa nini, mjukuu wangu?"

"Kwa sababu Livingstone alikaa kwenye tembe pale Kwihara."

"Hiyo ni nusu. Mbona isiwe JUMBA? Nalo lina herufi tano."

Kijana anasoma tena. "Kwa sababu TEMBEA isipofika mwisho inaacha A. Inabaki TEMBE."

"Sasa umesema."

Babu ana haki. Kijana alianza na anachokijua: tembe ile ipo hadi leo Kwihara, nje kidogo ya Tabora, na Livingstone alibaki hapo baada ya Stanley kugeuza kurudi pwani Machi 1872, mpaka naye alipoondoka Agosti. Historia hiyo inalithibitisha jibu, lakini haiwezi kulizaa. Hila ndiyo iliyolizaa. Neno "uione" ni kiungo cha kutoka kwenye hila kwenda kwenye fasili, na kiungo kimoja kinaruhusiwa. Viwili ni uzembe.

Hila rahisi kuliko zote ni ya kuficha, nayo ndiyo inayowapita wengi, kwa kuwa jibu lipo mbele ya macho na hakuna anayelitazama.

Mtu jijini ameuficha mji alikokutwa Livingstone (5)

Stanley alitembea kutoka pwani tangu Machi 1871 kumtafuta mtu huyo, akamkuta Novemba. Wewe huhitaji hata kuvuka mstari. Soma "mtu jijini" ukisahau nafasi kati ya maneno: mt-UJIJI-ni. Nafasi ile ndiyo iliyoficha. Sasa ona mtego unaomnasa mtegaji mwenyewe. Akitaka sentensi yake ipendeze zaidi, anaweza kushawishika kuandika "Mtu mzee jijini". Inasomeka vizuri, lakini haifichi kitu tena. Neno moja la mapambo limeua kidokezo kizima. Watungaji wachanga huharibu kazi zao hapo hapo: wanapata hila nzuri, halafu wanairembesha mpaka inakufa.

Mji huo huo wa Ujiji una mlango mwingine. Ni UJI, kisha JI, yaani nusu ya JIJI. "Kifungua kinywa chepesi na nusu ya jiji" inatosha, mradi uongeze fasili. Ukishazoea kuyakata majina namna hiyo, ramani ya Tanzania haitakuwa ile ile. MPWAPWA ni MPWA na PWA: "Mtoto wa dada, kisha maji ya bahari kurudi nyuma, katika mji usio na bahari (7)". KALIUA, stesheni linakotokea tawi la reli la kwenda Mpanda, ni KALI na UA: "Pilipili ilivyo, waridi lilivyo, hapo reli ya Mpanda inapochipukia (6)". Kitenzi "inapochipukia" nimekitafuta kwa makusudi, ili baada ya pilipili na waridi msomaji aendelee kuwaza bustani.

KIGOMA ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu haiwezi kutungwa katika lugha isiyo na viambishi vyetu:

Lugha ya mji ulio chini ya Nyiragongo? Huko reli inakoma (6)

Mji ulio chini ya volkano ya Nyiragongo ni GOMA. Kama lugha ya Wachina ni Kichina, lugha ya Goma itakuwa KI-GOMA. Haipo, ndiyo maana pana alama ya kuuliza: mtegaji anakonyeza jicho kwamba anatania. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na mpaka sasa inakoma ziwani. Viambishi hivi ni hazina ambayo hatujaigusa. U- ya nchi, KI- ya lugha, WA- ya watu, MI- ya miti, NI- ya nafsi: kila kimoja ni kipande cha herufi mbili au moja kinachosubiri mtegaji mwenye subira.

Sasa nije kwenye upatanisho wa kisarufi, maana hapa ndipo mteguaji wa Kiswahili anapomzidi wa Kiingereza. Tazama:

Tembo anazo mbili, mraba unazo nne (5)

Wa kwanza atasema masikio. Wa pili atasema meno. Lakini sikiliza kitenzi: "anazo". Masikio, macho, meno na miguu vyote tembo "anayo". Silabi moja imefuta nusu ya mwili wa mnyama. Jibu liko kwenye ngeli ya zi, lina herufi tano, tembo anazo mbili na mraba nao una zake: PEMBE, zilezile zilizopakiwa mabegani kutoka Tabora hadi pwani. Kila unapokutana na kidokezo kisichotaja nomino yake, kamata kiambishi kwanza. "Kinachofunika" si sawa na "inayofunika". Ukishajua ngeli, umeshajua herufi za kwanza za maneno mengi, maana nomino za ki-, vi-, mi- na wa- hujitaja zenyewe mwanzoni.

Na kwa mtegaji, upande wa pili wa jambo hili ni uaminifu. Unaruhusiwa kupotosha kwa maana. Huruhusiwi kupotosha kwa sarufi. Ukiandika "anayo" kwa jibu ambalo ni pembe ili umtupe mtu kwenye masikio, hujatega, umedanganya. Kama ngeli inafichua mno, panga sentensi upya isihitaji upatanisho. Usiuvunje.

Hila ya kugeuza nayo inataka tufuate desturi yetu. Mwingereza huligeuza neno herufi kwa herufi, kutoka nyuma kuja mbele. Ukifanya hivyo kwa Kiswahili unapata makelele, kwa sababu maneno yetu huishia kwa irabu na mengi huanza kwa konsonanti. Watu wa pwani walishalitatua hilo zamani kwa mchezo wa Kinyume, wa kuichukua silabi ya mwisho na kuibandika mwanzoni: samaki anakuwa kisama. Edward Steere aliuwekea mchezo huo mifano katika mwongozo wake wa Kiswahili cha Unguja wa mwaka 1870, kwa hiyo si jambo la juzi. Pindua kwa silabi, na lugha inafunguka. MALI inakuwa LIMA. KAZI inakuwa ZIKA. Na hiki:

Mila iliyopinduka ndiyo inayofunika barabara (4)

MI-LA, LA-MI. Kisha kipo kimoja ambacho sikukitunga mimi, kimetungwa na ramani yenyewe. Chukua Nzega, mji wa mkoa wa Tabora ulio kaskazini, barabara ya kwenda Shinyanga. Igeuze kwa Kinyume: NZE-GA, GA-NZE. Uko Kenya, jimbo la Ganze, kaunti ya Kilifi. "Nzega iliyogeuka ni jimbo la Kilifi (5)." Sentensi hiyo haina hata neno moja la ziada.

Ukitumia hila hii, tangaza katika maelezo ya mwanzo ya fumbo kwamba ugeuzaji wako ni wa silabi. Mteguaji hawezi kulaumiwa kwa kanuni ambayo hakuambiwa. Ningependa hata tuthubutu kwenda mbali zaidi: kutengeneza mraba ambao kila kisanduku kinabeba silabi nzima badala ya herufi moja. Wajapani hufanya hivyo na mafumbo yao yanapendeza. M-PWA-PWA ingekuwa visanduku vitatu, na yale maswali ya kama NG' ni kisanduku kimoja au viwili yangekwisha. Kwa mraba wa herufi, desturi iliyo nyepesi ni kuandika NG, CH, SH na wenzao katika visanduku viwili na kuiacha ile alama ya ritifaa.

Kuvuruga herufi ni hila ya kutumia kwa tahadhari. "Salia katika vurugu upate utamu wa Sikonge (5)": vuruga SALIA, unapata ASALI, na asali ya Sikonge, mkoani Tabora, inajulikana. Hiyo ni salama. Lakini Kiswahili kina irabu nyingi na konsonanti chache ndani ya neno, kwa hiyo herufi zile zile huzaa maneno mengi. Jaribu M, A, L, I: unapata MALI, LIMA, MILA, LAMI na IMLA. Mteguaji akiambiwa tu avuruge, atakuwa na majibu matano mkononi. Fasili lazima ifunge milango minne. Kama fasili yako inakubali mawili kati ya hayo, kidokezo hakijakamilika.

ASALI hiyo hiyo inaingia pia kwa mlango wa maana mbili: "Amwombe Mungu kwa utamu wa Sikonge (5)". Asali ni kitenzi, asali ni tamu. Hapa hakuna hila ya herufi, kuna fasili mbili zilizosimama bega kwa bega. Aina hii ndiyo iliyo karibu zaidi na kitendawili, na historia ya njia ya misafara inaisaidia sana, kwa kuwa maneno kadhaa yalibadilika yakiwa safarini. Hongo ni mojawapo. Misafara iliyovuka Ugogo ililipa hongo kwa watemi, ya nguo, shanga na waya, na hapakuwa na aibu yoyote. Ulikuwa ushuru wa njia. Leo neno hilo ni rushwa, na linamhusu afisa wa TAKUKURU. Basi: "Zamani mtemi wa Ugogo aliipokea hadharani, leo mpokeaji hujificha (5)."

Hila ya sauti nitaipitia haraka. "Kutia chakula mdomoni, kwa asiyetenganisha L na R, ni haki ya raia (4)": KULA inasikika KURA. Anayejua historia atakumbuka mkutano wa TANU wa Januari 1958 mjini Tabora, uliokubali kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, ambapo mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Uamuzi huo unaitwa Uamuzi wa Busara mpaka leo. Ila tafadhali, usitaje kabila kwenye kidokezo cha L na R. Utani wa ulimi wa mtu ukichapwa gazetini unabadilika ladha.

Kilele cha ufundi ni kidokezo ambacho hila na fasili zimekuwa kitu kimoja, yaani sentensi inayoeleza namna ya kuliunda jibu ndiyo hiyo hiyo inayolisimulia. Ni nadra. Nilipojaribu kumtungia mtemi Isike wa Unyanyembe, aliyeilipua baruti yake mwenyewe Wajerumani walipoingia ngomeni mwake Januari 1893, nilifika hapa:

Ilipolipuka, sauti ikasikika kila eneo: vichwa vya maneno haya ni mtemi (5)

Chukua herufi ya kwanza ya kila neno la sehemu ya kwanza: I, S, I, K, E. Kinacholipuka ni baruti, na anayepatikana ni aliyeilipua. Bado nimelazimika kuongeza mkia wa "vichwa vya maneno haya", kwa hiyo hakijafika kileleni kabisa. Atakayeukata mkia huo bila kumwonea mteguaji atakuwa fundi kuniliko.

Sasa lile nililoanza nalo, maelezo. Ukishajaza mraba, chukua karatasi nyingine. Andika jibu kwa herufi kubwa, kisha vipande vyake, ukiweka mabano kwenye herufi zilizotupwa: TA(A) + BORA. Pigia mstari fasili. Taja ishara ni neno gani. Kama kuna kipande huelewi, weka alama ya kuuliza hapo hapo wala usibuni. Nimeona watu wakibuni: jibu limekaa sawa kwenye visanduku, basi wanalazimisha maelezo ya kichawi ya herufi ambayo haina asili. Herufi isiyo na maelezo mara nyingi ni dalili ya jibu lisilo sahihi lililobahatika kukutana na herufi za jirani. Na ukikagua herufi za jirani, itegemee konsonanti. Kisanduku cha mwisho cha neno la Kiswahili karibu daima ni irabu, hakikuambii mengi. P moja ya katikati ina thamani kuliko A tatu.

Kumweleza mtu mwingine kuna adabu yake. Usimwage yote kwa mkupuo. Mwonyeshe kwanza fasili iko ncha gani, umwache afikiri. Akikwama mwonyeshe ishara. Vipande viache avipate mwenyewe, kwa sababu raha yote imo humo na ukimtangulia umemwibia. Kijiweni, kama mwenye gazeti ni mtu mzima kwako, jibu usilitaje hata ukiwa nalo. Sema, "Mzee wangu, tulitazame hili neno 'ameuficha'," halafu nyamaza. Atalipata, na kesho atakuita.

Mtegaji, wewe anza kinyume. Andika maelezo kabla ya kidokezo. Chagua neno, likate, liandikie vipande, hakikisha kila kipande kina njia moja tu ya kufikiwa, ndipo utafute sentensi ya kuvifunika. Ukianza na sentensi nzuri utajikuta unaitetea hata pale isipotetewa. Kisha mpe mtu asiyekupenda sana aijaribu. Ndugu atakuhurumia.

Kwa malighafi, ile njia ya misafara inatosha. Mwaka 2006 vituo vyake sita viliingia katika orodha ya mapendekezo ya urithi wa dunia ya UNESCO: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Ongeza wilaya za Tabora, watemi, nguo na pombe zilizokuwa njiani, una mraba mzima. Walimu wa Kiswahili wa Tabora, mna somo la silabi, ngeli na viambishi ambalo mwanafunzi atalimaliza bila kuchapwa.

Hivi vinne siviandikii majibu:

Tumboni mwa huyu Idi mna wilaya (4)

Mnyama wa kulewesha (5)

Nusu ya mimi na mfuko uliopigwa marufuku Juni 2019: mtemi wa vita (7)

Mkate wenye nyama ndani, na kiungo kinachodunda: hapo msafara ulianzia (8)

Ukivipata, mtumie rafiki yako. Lakini usimtumie majibu. Mtumie maelezo, na umdai yake.